Kumi, Tano, Tatu

Treni katika fasihi yetu ina kazi mbili: kuondoka na kuwasili. Huondoka na mpenzi, huwasili na mgeni. Hupiga honi mbali usiku ili mhusika akumbuke kwao. Reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, imesimuliwa kwa namna hiyo hiyo: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, madaraja, mahandaki, bendera za mataifa matatu, na jina kubwa la Reli ya Uhuru. Sijakutana na hadithi ya Kiswahili ambayo treni yake iko yadini asubuhi nzima, mabehewa matatu yakivutwa mbele, mawili yakisukumwa nyuma, moja likiachwa peke yake kando, wala safari haijaanza. Hata hivyo hakuna treni ya mizigo inayoondoka kabla ya asubuhi kama hiyo. Behewa la mbolea litakaloachwa Makambako likipangwa katikati ya mabehewa yaendayo Zambia, treni nzima itakatwa vipande huko Makambako ili kulitoa. Mpangilio ndio safari. Barabara ya chuma huja baadaye.

Kazi hiyo ina jina. Watu wa reli nchini Tanzania huviita vichwa vya treni vinavyoifanya vichwa vya sogeza. Nalipenda neno hilo kwa sababu ya sarufi yake. Ni kitenzi kilichofanywa jina bila kuvishwa kiambishi chochote, kana kwamba amri iliyopigwa yadini miaka mingi imechoka kurudiwa ikaamua kuketi. Sogeza. Si kusogeza, si usogezaji. Mwanaisimu anaweza kulisahihisha, lakini atakuwa amelitoa yadini.

Niliijifunza kazi ya sogeza nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, mjini Guangzhou, juu ya ubao wenye urefu wa mita moja na nusu. Nilikuwa nimerudi kwa muhula mmoja wa utafiti katika mji nilikosomea shahada ya uzamivu, na nilipanga chumba wilayani Liwan, upande wa magharibi wa mji wa kale. Huko, karibu na barabara ya Enning, imehifadhiwa nyumba ya Zhan Tianyou, mhandisi anayeheshimiwa nchini China kama baba wa reli zao. Alizaliwa mwaka 1861. Mwaka 1872, akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, alipelekwa Marekani pamoja na wavulana wengine, wote wakiwa thelathini, na mwaka 1881 akahitimu Chuo Kikuu cha Yale. Kati ya mwaka 1905 na 1909 alisimamia ujenzi wa reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, reli kubwa ya kwanza ya China iliyosanifiwa na kujengwa na Wachina wenyewe. Pale Qinglongqiao, ambapo mlima ulikuwa mkali kupita kiasi, alilaza njia kwa umbo la herufi yao inayomaanisha mtu: miguu miwili inayokutana juu. Treni hupanda mguu mmoja, husimama kileleni, kisha hurudi kinyumenyume kwa mguu wa pili na kuendelea kupanda. Kwa maneno mengine, aliushinda mlima kwa mbinu ya yadini.

Ndani ya nyumba hiyo nilimsikia baba mmoja akimweleza mtoto wake kwamba Zhan ndiye aliyebuni kile kiungo cha chuma kinachoyashika mabehewa, kilicho kama ngumi mbili zinazokamatana. Mzee aliyesimama nyuma yao akasema kwa upole, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi: si Zhan, ni Janney. Ni kweli. Kiungo hicho kilisajiliwa nchini Marekani na Eli Janney mwaka 1873. Zhan alikipigania kitumike kwenye reli za China, na kwa kuwa jina la Janney likitamkwa Kichina hukaribiana na jina la ukoo wake, watu wakampa sifa ya ubunifu asioudai. Mzee akaongeza kwamba Zhan mwenyewe, alipotunga kamusi ya istilahi za uhandisi iliyochapishwa mwaka 1915, aliliandika jina la Mmarekani huyo kwa herufi ya ukoo mwingine kabisa, Zheng, ili asije akadhaniwa kuwa yeye. Nimewahi kukaa katika vikao vingi vya istilahi. Sijapata kuona mtu aliyelitunga neno ili ajitoe ndani yake.

Mzee aliniuliza natoka wapi. Nilipotaja Tanzania, alitamka jina la ile reli kwa Kichina kabla sijamaliza: Tan-Zan. Kwa watu wa umri wake si jambo la kushangaza. Walikua wakisikia habari zake, na wengi wa wafanyakazi Wachina walioijenga waliondoka kwa meli kutoka Guangzhou hii hii, katika vyombo kama Yaohua, hadi bandari ya Dar es Salaam. Jambo lililotuunganisha lilikuwa jingine. Yeye alikuwa mstaafu wa yadi ya mizigo. Nami nililelewa Mbeya na mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye aliifanya kazi ya yadini tangu ujana wake hadi alipostaafu. Jumapili iliyofuata nilikaribishwa nyumbani kwake. Nilimwita shifu, jina ambalo Wachina humpa mtu mwenye ujuzi wa mikono, nasi tungesema fundi. Yeye aliniita mwalimu.

Ubao wake ulikuwa kwenye roshani, juu ya kabati la viatu, kati ya mti wa ndimu ndani ya chungu na nguo zilizoanikwa. Juu yake palikuwa na reli ndogo, kichwa kimoja cha dizeli, na mabehewa manane ya mizigo. Mchezo wenyewe aliubuni Mwingereza Alan Wright katika karne iliyopita, na kanuni zake zinatosha kuandikwa nyuma ya tiketi ya basi. Zipo njia tatu zilizofungwa mwisho. Ya kwanza inachukua mabehewa matano, ya pili matatu, ya tatu matatu. Zote zinakutana kwenye njia moja ya kuvutia, ambayo urefu wake unatosha kichwa na mabehewa matatu tu. Mabehewa yana namba, moja hadi nane. Kura inapigwa, namba tano zinatokea, kwa mfuatano fulani. Kazi yako ni kuyapanga mabehewa hayo matano kwenye njia ndefu kwa mfuatano huo huo, bila mkono wako kuligusa behewa lolote. Kutenganisha tu ndiko kunakoruhusiwa, kwa kijiti cha mwanzi kama cha mishikaki, kinachochomekwa katikati ya ngumi mbili za Janney na kuzungushwa. Shifu alipigia kura vigae vya mahjong.

Msomaji ataona kwamba ni mchezo wa mtoto. Nami niliona hivyo kwa dakika kama kumi. Namba tano kati ya nane, mfuatano ukizingatiwa, zinaweza kutokea kwa njia 6,720, na kila moja ina ufumbuzi. Ugumu uko kwenye ile njia ya kuvutia. Behewa unalolihitaji liko mwisho kabisa, nyuma ya manne usiyoyahitaji. Huwezi kuyavuta yote matano kwa pamoja, maana njia inabeba matatu. Basi unavuta matatu, unayaweka kando, na sasa hayo matatu yameziba njia uliyotaka kulihifadhi la nne. Kila behewa unalolitoa mahali lazima ulitafutie mahali pengine, na hapo pengine si pako kwa muda mrefu.

Hesabu ya nafasi inaeleza yote. Njia tatu zina nafasi kumi na moja. Mabehewa ni manane. Nafasi tatu zilizobaki ndizo zinazofanya kazi; mabehewa yenyewe yanangoja. Jumapili ya tatu shifu aliongeza mabehewa mawili kwa makusudi, akaketi kunitazama. Nilivuta, nikasukuma, nikarudisha, na baada ya muda nikagundua kwamba nazunguka palepale. Akasema kwamba ndivyo yadi inavyokufa. Haifi kwa kukosa mizigo, inakufa kwa kukosa pengo. Wakubwa wanapotaka takwimu nzuri huagiza kila njia ijazwe, na siku ya pili hakuna treni inayotoka. Nimefundisha neno uhuru darasani kwa miaka kumi na tano, pamoja na asili yake ya Kiarabu na historia yake ya kisiasa, na nimewaeleza wanafunzi kwa nini reli ile ilipewa jina hilo. Juu ya kabati la viatu neno hilo lilikuwa na ukubwa wa mabehewa matatu ambayo hayapo.

Ubao huo haukuwa umesafiri mbali. Sehemu kubwa ya treni ndogo zinazonunuliwa na wapenzi wa reli Ulaya na Marekani zimetengenezwa katika jimbo la Guangdong; Bachmann, jina kubwa la Marekani katika biashara hiyo, lilinunuliwa mwaka 1987 na Kader ya Hong Kong, yenye viwanda Dongguan, mji jirani na Guangzhou. Mikono ya wafanyakazi wahamiaji wa delta ya Mto Lulu ndiyo iliyopaka kutu ya bandia kwenye mabehewa ya kumbukumbu za watu wengine. Shifu aliyanunua ya kwake kwenye duka la mabaki ya kiwandani.

Kipimo chake ni moja kwa 87. Upana wa reli ya kawaida ya China, milimita 1,435, ambao pia ndio upana wa reli mpya za Mombasa hadi Nairobi na Dar es Salaam hadi Dodoma, unakuwa milimita 16.5 mezani. Aliniuliza upana wa reli zetu za zamani. Nilimwandikia namba mbili kwenye karatasi ya chai: 1,067 kwa reli ya Zambia na 1,000 kwa Reli ya Kati. Akazigawa kwa 87, akacheka. Tofauti baina yake ni milimita 67, ambayo kwenye ubao haifiki hata milimita moja. Mtengenezaji yeyote wa treni ndogo angezilaza zote mbili kwenye njia moja na macho yasitambue. Lakini pale Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, tofauti hiyo ndiyo inayosimamisha kila kitu: mzigo lazima uhamishwe kutoka behewa la upande huu hadi behewa la upande wa pili. Upana mmoja umetoka katika karne ya wakoloni wa Kijerumani na Kiingereza, mwingine umetoka kusini mwa Afrika ili uungane na reli za Zambia. Hakuna kijiti cha mwanzi kinachofika hapo.

Nimeyasema haya yote ili nifike kwenye jambo moja, ambalo lilitokea Jumapili ya pili na ambalo ndilo linalonifanya niandike.

Kanuni ya shifu ilikuwa kwamba kichwa kisiguse behewa kwa mwendo wa kupita ule wa mtu anayetembea, na kwamba anayesogeza lazima atamke umbali uliobaki. Mimi nilishika kidhibiti cha umeme; yeye alisimama upande wa pili wa ubao, akaniagiza nisiangalie reli bali nimwangalie yeye. Nikaanza kurudisha mabehewa mawili nyuma. Akainua mkono, akahesabu: shi, wu, san. Kumi, tano, tatu. Kisha mikono yote miwili juu ya kichwa, ikipunga kwa kasi. Simama.

Mikono yangu iliacha kidhibiti. Hesabu hiyo naijua tangu nilipokuwa na miaka sita. Mtaani kwetu Mbeya palikuwa na jirani mwenye lori, na uwanja wake ulikuwa mwembamba. Kila jioni aliporudi, mjomba alitoka na kikombe chake cha chai, akakiweka juu ya ukuta, akasimama nyuma ya lori na kuliongoza liingie. Kumi! alisema. Kimya. Tano! Kimya kirefu zaidi. Tatu! Kisha mikono miwili hewani. Sisi watoto tulimwiga. Tulipanga foleni, mmoja akawa lori, na hapakuwa na mchezo uliochezwa mtaani bila mtu kupiga kelele za kumi, tano, tatu. Watu wazima walidhani anahesabu hatua, ingawa lori halikuwahi kuwa hatua kumi kutoka ukutani. Hakuna aliyeuliza kwa nini zinarukwa nne na mbili.

Shifu alinieleza. Kichwa kinaposukuma mabehewa, dereva yuko nyuma na haoni kilicho mbele. Pengine mabehewa ishirini yamemziba. Macho yake ni mtu mmoja aliye mbele kabisa, mwenye bendera mchana na taa usiku. Katika kanuni za Kichina mtu huyo hutoa ishara tatu za umbali: mabehewa kumi, mabehewa matano, mabehewa matatu. Behewa moja huhesabiwa mita 11. Kwa hiyo ni mita 110, 55 na 33, na kwa kila ishara dereva anapaswa kuwa ameshusha mwendo: kilomita 17 kwa saa, kisha 12, kisha 7. Kugusana kwenyewe kusizidi 5. Mwenye ishara akichelewa kusema tatu, mtu aliyesimama kati ya mabehewa kule mwisho hatapata nafasi ya kusikia neno la nne.

Mjomba alifundishwa kazi na Wachina, kama wengi wa kizazi chake. Baadhi ya Watanzania na Wazambia, wapatao 200, walipelekwa kusoma Beijing katika miaka ya sabini. Yeye hakuwa miongoni mwao. Alifundishwa yadini, na mtu ambaye hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya mikono na tarakimu. Mwalimu alionyesha, mwanafunzi akaonyesha, na zilipohitajika sauti, kila mmoja alitumia namba za kwao.

Tunapoorodhesha maneno ya reli katika Kiswahili, historia yote ya pwani inajitokeza. Behewa lilikuwa ukumbi wa ndani wa nyumba ya mawe kabla halijawa chumba cha treni, na nyuma yake kuna Kiarabu. Mataruma yalikuwa mbao za kukaza tumbo la jahazi kabla hayajalala chini ya reli. Gari ni la Kihindi. Stesheni, gadi, injini na reli yenyewe ni za Kiingereza. Mwanafunzi wangu yeyote anaweza kuichora ramani hiyo. Kwa Kichina ataweka sifuri: taifa lililotujengea kilomita 1,860, likaleta makumi ya maelfu ya watu, halikuacha hata neno moja la reli kamusini. Nimeisoma hoja hiyo katika makala, na huwa inatumiwa kuthibitisha kwamba Wachina na wenyeji hawakuzungumza.

Walizungumza. Kumi, tano, tatu ni mkopo wa Kichina, kamili, pamoja na mapengo yake, pamoja na vimya vyake vya urefu tofauti. Hauonekani kwa sababu umevaa maneno matatu ya Kiswahili ambayo hayana sura ya ugeni: mawili ya Kibantu yaliyokuwapo kabla ya meli yoyote, na la kwanza, ambalo limo katika lugha zetu nyingi za bara. Kamusi haina njia ya kuukamata, kwa kuwa kamusi huuliza neno limetoka wapi, na hapa neno halikutoka popote. Kilichosafiri ni mfuatano. Na mfuatano, kama ubao wa shifu ulivyonionyesha kwa kijiti cha mwanzi, ndio kazi yenyewe.

Mjomba alifariki mwaka 2011. Reli aliyoitumikia ilisanifiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014/15 haikufikisha tani laki moja. Mwezi Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua. Vichwa vipya vitakuja, na mabehewa, na miongozo iliyochapwa kwa Kiingereza na Kichina. Kutakuwa na semina, na bila shaka kikao cha istilahi, na baadhi yetu tutaalikwa. Tutatafuta Kiswahili cha mambo ambayo vijana wa mwaka 1976 walikwisha kuyatafuta, wakayapata, wakayatumia miaka thelathini wakiwa na vidole vyao kati ya vyuma. Wengi wao wamezikwa. Waliobaki wana miaka sabini na zaidi, na ujuzi wao haumo katika karatasi yoyote kwa kuwa haukuwahi kupitia karatasi.

Tangu niliporudi, likizo zangu naenda Mbeya na daftari. Nimejifunza kutowauliza wazee hao mliitaje hiki, maana hujibu kwa Kiingereza cha kitabu ili kumridhisha mwalimu wa chuo kikuu. Nawaomba wanionyeshe. Huinuka, huvuta viti vya plastiki wavipange kama mabehewa, mmoja anakuwa kichwa na mwingine anasimama mbele, na maneno huja yenyewe nyuma ya mikono. Mara ya mwisho walikuwa wawili, Mzee wa yadi na Mzee wa taa, na waligombana. Wa kwanza alisema hesabu ni kumi, tano, tatu, na anayeongeza neno anaua watu. Wa pili akasema usiku, kwa taa, wao waliongeza moja, kwa sababu mvua ya Mbeya haina kanuni. Mkewe wa kwanza akatoka jikoni kusema kwamba wamekuwa wakibishana hivyo tangu enzi za Mwinyi, na chai inapoa. Nimeziandika zote mbili, pamoja na jina la mvua.